Jani juu ya jani: kweli na si kweli kuhusu pai ndogo za Kigiriki

Ilikuwa Julai, baridi ya Songea imeshika mpaka watu wanaota jua barazani saa nne asubuhi, ndipo jirani yangu wa hapa Lizaboni aliponijia na ombi. Binti yake anapata kipaimara, anataka nimsaidie vitafunwa vya wageni.

"Sambusa kila mtu anapika, dada. Nataka zile za Kigiriki, za mboga na jibini. Halafu ziwe nyepesi, maana mzee wangu kakatazwa mafuta na daktari."

Nilikubali kabla sijafikiri. Wiki mbili zilizofuata nilizimalizia jikoni, na katika wiki hizo kila aliyepita mlangoni aliacha neno lake: hili haliwezekani, lile linanenepesha, hili lazima liwe hivi. Maneno hayo nimeyaweka hapa pamoja na majibu niliyoyapata kwenye kikaango, kwenye mizani na kwenye hesabu za kawaida tu.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Spanakopita ni pai ya spinachi na jibini. Jina lenyewe ni spanaki, yaani spinachi, na pita, yaani pai. Ikiwa ya jibini peke yake inaitwa tiropita. Hupikwa kubwa kwenye trei na kukatwa vipande, au hukunjwa ndogo ndogo za pembetatu, saizi ya kumaliza kwa kung'ata mara mbili tatu. Kinachozifunga ni filo, unga uliosukumwa ukawa mwembamba kiasi cha kuona mkono upande wa pili.

"Filo haipatikani Songea, kwa hiyo usijisumbue."

Nusu ya kwanza ni kweli. Filo ya pakiti huuzwa ikiwa imegandishwa, kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam. Kutoka kule hadi hapa ni zaidi ya kilomita 900 ndani ya basi. Ikifika stendi imekwisha kuyeyuka, na ukiigandisha tena karatasi zake zinashikana na kuvunjika kama majani makavu ya mgomba.

Nusu ya pili si kweli hata kidogo. Neno filo kwa Kigiriki maana yake ni jani. Sasa niambie, yule mama anayekaa sokoni na rundo la manda zilizofungwa kwenye kitambaa, anauza nini kama si majani? Manda ni unga wa ngano, maji, chumvi na mafuta kidogo. Filo nayo ni unga wa ngano, maji, chumvi na mafuta kidogo. Tofauti ni mbili tu: filo ya kiwandani ni nyembamba zaidi, na huuzwa mbichi, wakati manda hupitishwa kwenye moto ndipo zikabanduliwa. Na hata hiyo tofauti ya kwanza isikutishe. Vijijini Ugiriki, hasa milima ya Epirus inayosifika kwa pai, akina bibi husukuma filo yao kwa mkono kwa mti mrefu mwembamba, nayo ni nene kuliko ya pakiti. Wenyeji huihesabu hiyo ya kijijini kuwa ndiyo yenyewe.

Manda zangu nilizipika hivi. Robo kilo ya unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha mezani cha mafuta, kijiko cha chai cha siki, na maji ya vuguvugu kidogo kidogo mpaka unga ushikane bila kunata. Siki ni ujanja wa Wagiriki. Hulegeza unga, usukumapo haurudi nyuma kama mpira. Ukande dakika kumi, ufunike, uuache nusu saa. Hapa wengi hukosa subira, wakaja kulalamika kwamba manda zao zinachanika.

Kisha gawa matonge sita. Sukuma kila tonge liwe saizi ya sahani ya chai. Paka la kwanza mafuta kwa ncha za vidole, nyunyiza unga mkavu, weka la pili juu, paka, nyunyiza, weka la tatu. Sasa sukuma yote matatu kwa pamoja, ukizungusha, mpaka yafikie upana wa sentimita 30 hivi. Weka kwenye kikaango kikavu, moto mdogo. Usingoje yawe kahawia. Ukiona yamebadilika weupe na vijipovu vimeanza kuinuka, geuza. Sekunde chache tena, toa, na hapo hapo, yakiwa bado yanachoma, tafuta ukingo kwa kucha na ubandue. Yanatoa mlio kama plasta inayotoka kwenye ngozi. Ukichelewa hayabanduki. Kata kila jani vipande vinne, funika kwa kitambaa, kisha rudia kwa matonge matatu yaliyobaki. Matonge sita yamekupa manda 24.

Onyo moja kuhusu kukunja. Mgiriki hukata filo vipande virefu kama riboni, akaweka mchanganyiko pembeni, akakunja pembetatu juu ya pembetatu mpaka mwisho. Nilijaribu hivyo kwa manda, na zile za ndani zikabaki mbichi, zinatafunika kama mpira. Manda ni nene mno kwa mikunjo sita. Kunja kwa mkunjo wetu wa sambusa, wa kifuko, ufunge kwa uji mzito wa ngano. Jina utaita utakavyo.

"Hicho ni chakula cha kigeni, huku hakina asili."

Inategemea unaanza kuhesabu lini. Wagiriki walifika nchi hii tangu enzi za Wajerumani, wengi wakija na kazi za kujenga reli, kisha wakaingia kwenye mkonge, kwenye kahawa ya kaskazini, na hapo Iringa kwenye tumbaku. Wengi waliondoka baada ya utaifishaji wa 1967, ila kanisa lao la Kiorthodoksi limebaki, na dayosisi yao kuu ya Dar es Salaam inaitwa Irinoupolis, yaani mji wa amani kwa Kigiriki. Kwa hiyo huenda pai za mboga zimewahi kuokwa kandokando ya barabara hii hii ya Iringa inayoleta unga wetu.

Sambusa nayo si ya bibi yako peke yake. Wapishi wa Uajemi walikuwa nayo tangu karne ya 11 ikiitwa sanbosag. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliikuta baadaye kwenye meza ya sultani wa Delhi: mkate mwembamba uliofungiwa nyama ya kusaga, lozi na viungo. Unga mwembamba uliofungiwa kitu umekuwa ukisafiri kwa meli na kwa ngamia kabla hapajawa na mpaka wa kuuliza pasipoti.

"Iliyookwa ni nyepesi kuliko iliyokaangwa."

Hili ndilo neno nililolisikia zaidi, na ndilo lililonichukulia muda mwingi, kwa sababu nami nililiamini.

Chukua mapishi ya kawaida ya pai ya trei. Yanakuambia uyeyushe siagi karibu robo kilo, kisha upake kila karatasi ya filo kabla ya kulaza nyingine juu yake. Siagi ni mafuta kwa kama asilimia 80, inayobaki ni maji na kidogo cha maziwa. Robo kilo ya siagi basi ni gramu 200 za mafuta, na zote zinaingia kwenye pai. Hakuna inayobaki kwenye sufuria, maana hakuna sufuria.

Sasa njoo kwenye kukaanga. Nilipima mafuta ya alizeti mililita 750, nikakaanga pembetatu zote 24 za manda, nikaacha yapoe, nikapima tena. Yalipungua kama vijiko saba vya mezani, ambavyo ni gramu 95 hivi. Na humo yamo yaliyobaki kwenye chujio.

Soma tena: 200 kwa iliyookwa, 95 kwa iliyokaangwa. Pai ya kwenye oveni, iliyotoka kavu na ya kung'aa, ikapelekwa kwa mgonjwa aliyekatazwa mafuta, imebeba mara mbili ya ile iliyotoka ikichuruzika. Jicho linadanganywa na mng'ao wa kikaango. Siagi iliyojificha kati ya jani na jani haionekani.

Kwa hiyo si kweli kwamba tanuri lenyewe linapunguza mafuta. Kinachopunguza ni mkono ulioshika brashi. Na hapa ndipo manda inapoipita filo. Filo mbichi lazima ipakwe kila jani, isipopakwa inakauka na kuvunjika. Manda imekwisha kupikwa nusu na ina mafuta yake kidogo ya kubandulia, basi inahitaji mafuta upande wa nje tu. Vijiko viwili vya mezani vilinitosha kwa zote 24. Navichanganya na kijiko kimoja cha maziwa, kwa sababu maziwa husaidia kupata ile rangi ya dhahabu. Bila hivyo zinaiva zikiwa na weupe wa mgonjwa. Paka kwa brashi. Huna brashi, manyoya safi ya kuku yaliyofungwa pamoja yanafanya kazi, au kipande cha kitambaa cha pamba. Kumimina kwa kijiko usithubutu.

Nikapiga hesabu ya vyote: unga, mboga, jibini, yai, kitunguu, mafuta ya kubandulia na ya kupaka. Iliyookwa namna hii inakuja karibu na kalori 80 kwa moja. Iliyokaangwa, ya mchanganyiko ule ule, ni 100 na kidogo. Kusema ukweli nilitegemea tofauti kubwa zaidi. Jirani yangu alisikitika nilipomwambia, kana kwamba nimemuibia kitu.

"Mafuta ya alizeti hayanenepeshi kama siagi."

Si kweli. Kijiko cha mezani cha mafuta yoyote ya maji, yawe ya alizeti ya kukamuliwa hapa hapa au ya zeituni kutoka Ugiriki, kina kalori kama 120. Kijiko hicho hicho cha siagi kina kama 100, kwa sababu siagi ina maji ndani yake. Faida ya alizeti iko kwingine: mafuta yake mengi si yale ya kuganda, na hayo ya kuganda ndiyo madaktari wa moyo wanayotaka tupunguze. Ni faida ya mishipa, kiuno hakihusiki. Na lile tangazo la chupani kwamba "hayana kolesteroli" ni kweli tupu isiyo na habari. Mmea haujawahi kuwa na kolesteroli ya kuhesabika. Ni kama kumsifu samaki kwamba hana pembe.

"Mafuta yakiwa moto sana, kitafunwa kinanyonya zaidi."

Kinyume chake. Haya ni kwa wale watakaokaanga, na siwalaumu.

Ukitumbukiza pembetatu kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo kwenye unga yanachemka papo hapo na kutoka kama mvuke. Yale mapovu unayoyaona ndiyo hayo. Mvuke unapotoka kwa nguvu, mafuta hayapati njia ya kuingia. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu, mvuke ni dhaifu, ganda linachelewa kushika, na kitu kinakaa humo muda mrefu kikijilowea. Kwa hiyo ngoja yafike. Tupa kipande kidogo cha manda: kikizama na kukaa chini, bado, kikizama kisha kikapanda na mapovu, sawa, kikiwa kahawia kabla hujageuka, umepitiliza. Na usijaze kikaango kama daladala, kila pembetatu ya baridi unayoongeza inashusha moto.

Lakini jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua ni hili: sehemu kubwa ya mafuta haiingii wakati wa kukaanga. Inaingia baada ya kutoa. Kitafunwa kikitoka kinapoa, mvuke uliomo ndani unarudi kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na nafasi hiyo inavuta mafuta yaliyobaki juu ya ngozi. Kwa hiyo dakika moja ya kwanza nje ya kikaango ndiyo inayoamua. Toa kwa mwiko wa matundu, tikisa mara mbili tatu juu ya mafuta, simamisha kwenye chujio la waya, usizilaze kwenye sinia moja juu ya nyingine. Zikilala namna hiyo zinanyweshana mafuta.

Gazeti la kukaushia tuliache. Wino wa habari za jana si kiungo. Na mafuta yaliyotumika mara tano yamekuwa mazito, yanang'ang'ania kwenye ngozi ya kitafunwa, kwa hiyo hata huo ubahili haulipi.

"Mboga ni mboga, itie tu."

Kundi langu la kwanza kabisa liliniaibisha. Nilichemsha mchicha, nikachuja, nikauchanganya na jibini, nikafunga, nikaoka. Juu zilikuwa nzuri za kupigwa picha. Nilipoziinua, chini zilikuwa zimelowa, tatu zikaachia na kumwaga vitu kwenye trei. Mwanangu aliitazama ile trei akasema, "Mama, zimejikojolea."

Mboga za majani ni maji kwa karibu asilimia 90. Maji hayo yasipotoka kabla ya kufungwa, yatatoka ndani ya manda, na manda iliyolowa haikauki mpaka uipe mafuta mengi au moto mrefu. Watu wengi huona pai zao zimelegea wakadhani zimepungukiwa siagi. Wakaongeza. Dawa ilikuwa kwenye kitambaa.

Basi kundi la pili nilifanya hivi. Mafungu matatu makubwa ya mchicha, yaliyooshwa na kukatwa, niliyatia kwenye sufuria bila maji, kwa dakika tatu tu, yanyauke. Nikayaacha yapoe. Nikayamimina kwenye kitambaa safi cha chakula, nikakusanya pembe nne, nikazungusha kama mtu anayekamua nazi, nikazungusha tena, nikaweka goti. Bakuli likajaa maji ya kijani, na mlima ule wa mchicha ukabaki tonge la kutosha kwenye kiganja. Maji yale sikuyamwaga. Niliyatia kwenye maharage ya jioni.

Na si lazima spinachi. Ugiriki wana pai nzima ya majani ya porini, hortopita, ambayo mpishi huokota chochote kinachoota wakati huo. Kwa roho hiyo hiyo, soko la Songea ni tajiri kupita kiasi. Mchicha una utamu na ulaini. Majani ya maboga yana mwili, ila yatoe nyuzi kwanza, hakuna kitu kibaya kama uzi unaoning'inia kutoka mdomoni mwa mgeni rasmi. Chainizi ina maji mengi, ikamue mara mbili. Mnafu ni mchungu. Robo ya mnafu ndani ya robo tatu ya mchicha huleta uchungu kidogo ambao mimi naupenda kuliko spinachi yenyewe. Ongeza yai, kitunguu, majani ya vitunguu mengi, pilipili manga, na maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Limau ndilo linalofanya ulimi udhani kuna chumvi zaidi kuliko iliyopo.

"Bila feta si ya Kigiriki."

Kisheria, kweli. Tangu 2002 jina feta limelindwa Ulaya: lazima itengenezwe maeneo maalumu ya Ugiriki, kwa maziwa ya kondoo, ya mbuzi yasizidi asilimia 30. Wadenmaki na Wajerumani waliokuwa wakiita jibini yao ya ng'ombe feta walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 wakashindwa. Kwa hiyo usiite feta utakachotengeneza Lizaboni. Kiite jibini, na uendelee na kazi.

Chemsha lita moja ya maziwa ya ng'ombe, yakianza kupanda toa motoni, tia vijiko vitatu vya maji ya limau, koroga mara moja tu, acha. Yatakatika: mabonge meupe juu, maji ya njano chini. Mimina kwenye kitambaa, ning'iniza saa moja. Utapata kama gramu 150 hadi 200 za jibini laini. Haina ule ukali wa feta. Uchachu nauleta kwa vijiko viwili vya mtindi mzito uliochujwa. Asiyetaka kazi hiyo, Njombe wanatengeneza jibini nzuri, na mabasi mengi ya Songea yanapita pale.

Faida ya jibini ya nyumbani ni kwamba chumvi unaitia mwenyewe. Feta huhifadhiwa kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana ni kali. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote alivyokula kutwa. Ukiwa na feta ya kweli uliyoletewa zawadi, iloweke kwenye maji baridi nusu saa, na usitie chumvi nyingine popote.

Na kuna hili ambalo Wakatoliki wa Peramiho na wa kanisa kuu la hapa watalipenda: Wagiriki wenyewe hawatii jibini siku zote. Waorthodoksi wana kwaresima ndefu na siku nyingi za mfungo, ambazo nyama, maziwa na mayai haviruhusiwi. Siku hizo pai huwa ni majani, vitunguu na mafuta ya zeituni peke yake. Hiyo nayo ni ya Kigiriki kwa asilimia mia. Kwa mfungo wetu mimi huweka maharage yaliyopondwa, au soya iliyochemshwa ikasagwa, ambayo mkoa huu wa Ruvuma hauna shida nayo, na juu nanyunyiza ufuta wa Namtumbo kabla ya kuoka. Ufuta huo ulinishinda nguvu. Sasa nautia hata zenye jibini.

"Unga usiokobolewa ndio mwepesi."

Hapana. Kalori ni zile zile, karibu. Una nyuzinyuzi zaidi, unashibisha mapema, na kwa hilo nausifu. Lakini pumba ni visu: zinakata manda unaposukuma. Changanya theluthi moja tu, na usukume matonge mawili mawili badala ya matatu.

"Huna oveni, huna pai."

Zamani Songea ungesema hivyo ukaeleweka. Kabla ya 2018, umeme wetu kwa sehemu kubwa ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na kuwasha oveni ilikuwa ni kucheza kamari na trei ya keki. Mwaka ule ilipofika laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, tukaungwa na gridi ya taifa, oveni ndogo za mezani zikaanza kuonekana majumbani. Ukiwa nayo, nyuzi 190, dakika 20 hadi 25, geuza mara moja. Yale majiko yanayoitwa ya kukaangia kwa hewa ni oveni ndogo yenye feni. Hayakaangi chochote, ila kwa pembetatu sita au nane yanafaa na yana haraka.

Lakini mkate wa kuoka kwa makaa juu na chini tumeula tangu utoto. Sufuria kubwa nene, mchanga mkavu kina cha vidole viwili, juu yake sahani ya bati yenye pembetatu. Pasha sufuria kwanza dakika kumi. Funika kwa mfuniko bapa, weka makaa juu yake. Siri ni moja: moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Manda ni nyembamba, chini inaungua wakati juu bado inafikiri. Kwa jiko langu ilichukua dakika 25, na zilitoka na harufu ya moshi ambayo oveni haitoi. Za kipaimara nilizioka hivyo nusu, na hizo ndizo zilizokwisha kwanza.

"Kwa kuwa ni nyepesi, kula utakavyo."

Siku yenyewe, niliandaa masinia mawili. La kwanza lilikuwa la sambusa za nyama za kukaanga, la pili la pembetatu za mchicha zilizookwa, nikazitia alama kwa ufuta ili mzee wa jirani asikosee. Hakukosea. Alivuta kiti karibu na sinia la ufuta, akatulia nalo.

Nilikuwa namhesabia, sikatai. Mgeni aliyekula sambusa za nyama aliridhika na nne, zikamlemea, akaomba maji. Mzee alifika tisa. Tisa mara kalori 80 ni 720, na nne za nyama hata uzihesabu kwa ukarimu hazifiki huko. Hata za mboga zilizokaangwa, angekula saba ndipo akaribie.

Kesho yake asubuhi jirani alinirudishia sinia, limeoshwa, limekaushwa, na juu yake kabichi ya shukrani.

"Nimemwambia zile tisa," alisema. "Kasema daktari alikataza mafuta, idadi hakuitaja."